Roosevelt, Bastola na Mpaka wa Mbuga

Wapo marehemu ambao kila upande wa ugomvi huwaita kuwa mashahidi wake. Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani, aliyefariki mwaka 1919, ni mmoja wao. Wanaotaka raia aruhusiwe kuingia na bastola yake katika mbuga za taifa za nchi hiyo husema kwamba Roosevelt alikuwa mtu wa bunduki tangu utotoni hadi uzeeni. Wanaotaka silaha zibaki nje ya lango husema kwamba ni yeye aliyepigana ili mbuga hizo zisigeuzwe machinjio. Pande zote mbili husema kweli, na hapo ndipo penye funzo. Leo naomba niwasimulie walimu na wanafunzi wa somo la Historia na Serikali maisha ya mtu huyu, kwa sababu mjadala huo wa ng'ambo umebeba swali lisilo la ng'ambo hata kidogo: mali iliyo ya wote itawaliwe kwa sheria ya nani?

Roosevelt alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1858 katika kisiwa cha Manhattan, jijini New York, katika jamaa iliyojaliwa mali. Mali hiyo haikumpa pumzi. Pumu ilimwandama usiku na mchana, na baba yake akamhimiza aujenge mwili wake kwa mazoezi. Alipopewa bunduki yake ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alistaajabu kuona kwamba wenzake walikuwa wakilenga shabaha ambazo yeye hakuziona kabisa. Ndipo ilipogunduliwa kwamba haoni mbali, akavishwa miwani. Kijana aliyependa kukusanya ndege na kuwachunguza alifunuliwa ulimwengu na kitu kile kile kinachoua. Naliona jambo hilo kuwa ufunguo wa maisha yake yote. Kwake bunduki na mapenzi ya viumbe vya porini vilizaliwa siku moja, na hakuwahi kuvitenganisha.

Tarehe 14 Februari 1884 mkewe na mama yake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Roosevelt, ambaye wakati huo alikuwa mbunge katika jimbo la New York, aliikimbilia nchi kavu ya Dakota, akafuga ng'ombe kandokando ya mto Little Missouri. Huko kila mwanamume alitembea na silaha, na sheria ilikuwa mbali. Alisimulia baadaye jinsi alivyoingia katika hoteli moja usiku akamkuta mlevi mwenye bastola mbili mikononi, akiwatisha waliokuwamo na kumdhihaki mgeni kwa miwani yake. Roosevelt alisimama kana kwamba anatii, kisha akamwangusha kwa ngumi. Bastola zile mbili hazikumfaa mwenyewe kitu.

Kisa cha pili kina uzito zaidi. Mwaka 1886 wezi watatu waliiba mashua yake. Yeye na wafanyakazi wake wawili waliunda mashua nyingine, wakawafuata mtoni katikati ya barafu, wakawakamata kwa kuwaelekezea bunduki. Desturi ya nchi ile ilikuwa kuwanyonga wezi papo hapo. Roosevelt hakufanya hivyo. Aliwalinda kwa siku kadhaa, akawafikisha katika mji wa Dickinson, akawakabidhi kwa afisa wa sheria akiwa hoi kwa uchovu. Bunduki yake ilikuwa na nguvu ya kuua, lakini aliiweka chini ya mamlaka ya hakimu. Sehemu ya ardhi ile aliyofugia leo ni mbuga ya taifa iitwayo kwa jina lake, katika jimbo la North Dakota. Mwanafunzi aliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Ili tumwelewe Roosevelt wa mbuga, yafaa kwanza tuijue Yellowstone. Mwaka 1872 Bunge la Marekani liliitenga kuwa mbuga ya taifa, wakati ambapo Wyoming, Montana na Idaho, zinazoigawana ardhi yake, hazijawa majimbo. Mbuga ilipata jina, lakini haikupata meno. Sheria ile haikuweka adhabu ya maana kwa mwindaji haramu. Ujangili ulipozidi, serikali kuu iliwatuma wanajeshi mwaka 1886, nao wakakaa huko hadi mwaka 1918. Wanajeshi hao walikuwa na utaratibu ambao napenda kuutafakari: bunduki ya mgeni aliyepita mbugani ilitiwa lakiri. Mgeni hakunyang'anywa mali yake, lakini bunduki ilinyamazishwa kwa muda wote aliokuwa ndani ya mpaka.

Mwaka 1887 Roosevelt alikusanya marafiki, miongoni mwao mhariri George Bird Grinnell, wakaanzisha Klabu ya Boone and Crockett. Ilikuwa klabu ya wawindaji waliojua kwamba bila mpaka hakutabaki cha kuwinda wala cha kutazama. Mwezi wa Machi 1894 jangili mmoja kwa jina Edgar Howell alifumaniwa ndani ya Yellowstone akiwachuna nyati wa Marekani aliowaua. Mpelelezi Felix Burgess alivuka theluji tupu akiwa na bastola tu. Bunduki ya Howell ilikuwa imeegemezwa kwenye mzoga hatua chache kutoka kwa mwenyewe, naye hakuwahi kuifikia. Alikamatwa, lakini hapakuwa na sheria ya kumfunga. Adhabu kubwa iliyowezekana ilikuwa kumfukuza mbugani.

Gazeti la Grinnell lilipaza sauti, Roosevelt na wenzake wakawasukuma wabunge, na tarehe 7 Mei 1894 Rais Grover Cleveland akatia saini sheria iliyoweka faini na kifungo kwa atakayeua wanyama wa Yellowstone. Sheria hiyo ilitamka kwamba mbuga nzima iko chini ya mamlaka ya serikali kuu peke yake. Hata hivyo, iliongeza kifungu cha busara: kwa makosa ambayo sheria ya taifa haikuyataja, sheria za Wyoming zingeazimwa. Taifa lilikuwa mwenye nyumba, na jimbo likaitwa kusaidia pale penye pengo. Naomba msomaji aushike mpangilio huo, kwani miaka 115 baadaye ulibadilishwa kwa upande wa silaha.

Roosevelt aliendelea kupanda ngazi. Kati ya mwaka 1895 na 1897 aliongoza bodi ya polisi wa jiji la New York. Mwaka 1898 alikwenda Cuba kupigana na Wahispania akiwa na bastola iliyoopolewa kutoka katika manowari Maine iliyozama bandarini Havana. Akarudi shujaa, akawa gavana, kisha makamu wa rais. Tarehe 6 Septemba 1901, Rais William McKinley alipokuwa akisalimiana na wananchi katika maonyesho mjini Buffalo, mtu mmoja aliyeficha bastola ndani ya kitambaa mkononi alimpiga risasi. McKinley alifariki siku nane baadaye, na Roosevelt akaapishwa mjini humo humo, akiwa na umri wa miaka 42. Aliupata urais kwa sababu ya silaha iliyofichwa katika uwanja wa watu wote.

Tangu hapo yeye mwenyewe alibeba bastola mara kwa mara. Imesimuliwa kwamba alipokuwa mgeni wa Charles Eliot, mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard katika jimbo la Massachusetts, aliitoa bastola kubwa mfukoni na kuibwaga mezani chumbani, na alipotaka kutoka akairudisha mfukoni kwa haraka. Eliot, aliyekuwa mtu wa taratibu, aliliona tendo hilo kuwa la mtu asiyeijali sheria. Wahenga walituusia kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe ufumbe lako jicho. Roosevelt hakuufumba mkono wake.

Lakini mtu huyo huyo alijua kuinyamazisha bunduki. Mwezi wa Novemba 1902, huko Mississippi, wenyeji wake walimfungia dubu kwenye mti ili ampige risasi asirudi mikono mitupu. Alikataa, na kutokana na kisa hicho watoto wa dunia nzima wakapata mwanasesere wa dubu anayeitwa kwa jina lake la utani. Mwezi wa Aprili 1903 alizuru Yellowstone pamoja na mwandishi John Burroughs. Alitamani kuwasaka simba wa milimani, ambao siku hizo waliuawa kwa idhini ya wasimamizi wa mbuga, lakini akajizuia, asije akasemwa kwamba rais anawinda ndani ya mbuga. Kiumbe pekee aliyemuua huko alikuwa panya mmoja, tena kwa ajili ya wataalamu wa wanyama. Mwezi uliofuata alilala porini Yosemite na John Muir, mtu aliyezunguka milima kwa miaka bila kubeba bunduki.

Katika urais wake zilianzishwa mbuga tano za taifa, zikatangazwa kumbukumbu za taifa 18 kwa sheria ya mwaka 1906, na ndege wakapewa hifadhi zao, ya kwanza ikiwa kisiwa cha Pelican huko Florida mwaka 1903. Mwaka 1906 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuzipatanisha Urusi na Japani.

Sisi Wakenya tunamjua kwa sura yake nyingine. Mwezi wa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Akapanda gari la moshi kuelekea bara, akiwa ameketi mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Reli ilipita kwenye hifadhi ambamo hakuruhusiwa kupiga risasi, na macho yakatosha. Alipofika nyanda za Kapiti na kwingineko alikokuwa na kibali, bunduki zilitoka. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, wengi wakipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Sisemi hayo kumtukuza. Hesabu hiyo inatisha, na waliochukua mizigo yake vichwani hawakuulizwa maoni yao kuhusu wanyama wa nchi yao. Nasema tu kwamba kwake mpaka ulikuwa jambo halisi. Upande huu palikuwa mahali pa kutazama, na upande ule mahali pa kulenga.

Mwaka 1911 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kumtaka mtu awe na leseni ndipo abebe bastola. Mwaka uliofuata mkazi mmoja wa New York, John Schrank, alimfuata Roosevelt kutoka jimbo hadi jimbo wakati wa kampeni, akiwa na bastola. Tarehe 14 Oktoba 1912, mjini Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipenya kasha la miwani na hotuba nene iliyokunjwa mfukoni, ikapunguzwa kasi. Roosevelt alihutubia kwa zaidi ya saa moja kabla ya kwenda hospitali, na risasi hiyo akazikwa nayo. Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919 katika nyumba yake ya Sagamore Hill, Long Island, zaidi ya miaka miwili baada ya kuundwa kwa Idara ya Mbuga za Taifa ya Marekani.

Je, baada yake ilikuwaje? Kwa miongo mingi kanuni za mbuga zilifuata roho ya ile lakiri ya wanajeshi. Kanuni ya mwaka 1983 ilisema kwamba mtu aweza kupita na silaha katika mbuga nyingi, mradi isiwe na risasi na iwe imefungwa asiweze kuitumia mara moja. Mwezi wa Desemba 2008 serikali ya Rais George W. Bush ilitangaza kanuni mpya ya kuruhusu silaha zilizofichwa pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Mwezi wa Machi 2009 mahakama iliisimamisha, kwa kuwa athari zake kwa mazingira hazikuchunguzwa ipasavyo. Miezi miwili baadaye Bunge liliingiza kifungu cha silaha ndani ya sheria iliyohusu kadi za mikopo, na Rais Barack Obama akaitia saini tarehe 22 Mei 2009. Kifungu hicho kilianza kutumika tarehe 22 Februari 2010.

Yafaa tukielewe barabara, maana wengi hukisimulia kombo. Hakikusema kwamba kila mtu aweza kubeba bunduki mbugani. Kilisema kwamba serikali kuu haiwezi kumzuia mtu kuwa na silaha humo ikiwa sheria nyingine haimkatazi kumiliki silaha, na ikiwa anatimiza sheria ya jimbo ambamo mbuga imo. Kufyatua risasi kulibaki marufuku, na kuwinda vilevile, isipokuwa katika maeneo machache ambayo Bunge limeyaruhusu kwa sheria. Tena sheria nyingine ya taifa inakataza silaha ndani ya majengo ya serikali kuu ambamo watumishi wake hufanya kazi, kama vile ofisi na vituo vya wageni. Kwa hiyo mtu aweza kutembea na bastola kiunoni katika njia ya msituni, lakini akifika kwenye mlango wa kituo cha wageni akawa mvunja sheria kwa kuvuka kizingiti.

Sasa turudi kwenye maisha ya Roosevelt, tuone jinsi sheria hiyo inavyoyagawa. Katika mbuga ya North Dakota iitwayo kwa jina lake, sheria inayofuatwa ni ya jimbo ambalo mwaka 2017 liliwaondolea wakazi wake haja ya leseni ya kubeba bastola iliyofichwa. Mahali alipozaliwa Manhattan, mahali alipoapishwa Buffalo na nyumba alimofia Long Island pia pamo katika milki ya mbuga za taifa, lakini huko inatawala sheria ya New York, isiyotambua leseni za majimbo mengine. Mwaka 2022, baada ya Mahakama ya Juu kulilazimisha lilegeze masharti ya kutoa leseni, jimbo hilo liliorodhesha bustani za umma miongoni mwa mahali ambapo hata mwenye leseni hapaswi kuingia na silaha. Kwa dhihaka ya historia, ile bastola ya manowari Maine iliibwa Sagamore Hill mwaka 1990, ikapatikana mwaka 2006. Katika nchi kavu ya Death Valley, mpaka wa California na Nevada hupita ndani ya mbuga yenyewe. Upande wa Nevada mtu asiyekatazwa na sheria huweza kubeba bastola waziwazi bila leseni. Upande wa California leseni ya jimbo jingine haina thamani. Mchanga ni ule ule, jua ni lile lile, na mwenye mbuga ni mmoja.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wanauliza kwa nini raia mwema, mwenye leseni halali ya jimbo lake, ageuke mhalifu kwa kupita katika barabara inayokatiza mbuga ndani ya jimbo hilo hilo. Wanasema pia kwamba porini msaada uko mbali, na kwamba mwovu hasomi kibao cha langoni. Mwezi wa Julai 2024 mtu mwenye bunduki alipigana risasi na askari wa mbuga Yellowstone, askari mmoja akajeruhiwa na mtu huyo akauawa. Kila upande waweza kukitumia kisa hicho upendavyo. Mimi naona tu kwamba waliosimama kati ya hatari na wageni walikuwa askari waliokabidhiwa kazi hiyo na taifa.

Maoni yangu ni kwamba sheria ya mwaka 2009 iliugeuza mpangilio wa mwaka 1894 juu chini. Wakati ule taifa lilitawala na jimbo likaziba pengo. Sasa, katika jambo zito la nani abebe silaha, jimbo hutangulia na taifa huziba mapengo ya milangoni. Roosevelt siwezi kumfanya shahidi wa upande wowote kuhusu kubeba, kwa sababu yeye mwenyewe alibeba, tena pengine bila kujali sheria ya mwenyeji wake. Lakini kuhusu mpaka ushahidi wake uko wazi. Nyati wa Yellowstone, waliobaki wapatao dazeni mbili kufikia mwaka 1902, hawakuokolewa na wema wa wenye bunduki. Waliokolewa na mstari mmoja uliochorwa na sheria moja, ukamhusu jangili, mgeni, hata rais. Mstari unaobadilika rangi kila unapoingia jimbo jingine humchanganya mgeni mwema na humpa mwovu pa kujitetea.

Neno majimbo lina historia yake nchini mwetu, na walimu hawataona shida kulileta darasani. Kwetu ugatuzi ulipokuja na Katiba ya mwaka 2010, kaunti zilipewa mengi, na hifadhi kama Maasai Mara iko mikononi mwa kaunti ya Narok. Hata hivyo, sheria ya silaha ilibaki ya taifa zima, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kuingia na silaha mbugani bila idhini. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sidai kwamba sisi tumefaulu kuliko wao, maana majangili wametuumiza vibaya hata chini ya sheria hiyo moja. Lakini mwanafunzi wa Narok na mwenzake wa Kwale wanaweza kuieleza kwa sentensi moja, na askari wa mbuga aweza kuitekeleza bila kubeba ramani ya mipaka ya kaunti. Atakayependekeza kesho kwamba kila kaunti iamue nani abebe silaha katika hifadhi zake, aulizwe kwanza ni nani aliyewahi kuona swala anayejua kaunti anayolala.